Kidole Peke Yake

Rivolva ya mfukoni ya Smith & Wesson yenye fremu ya alumini, ile ambayo Wamarekani wengi huibeba chini ya koti bila jirani kujua, ina uzito wa gramu 425 hivi ikiwa tupu. Kifyatulio chake hakifanyi kazi mpaka kivutwe kwa nguvu ya kilo 5 na kitu. Chombo chenyewe hakifiki nusu kilo, na kidole kimoja kinatakiwa kukivuta kwa nguvu inayozidi uzito wake zaidi ya mara 10, huku mtutu ukibaki ulipoelekezwa. Anayeisikia hesabu hii mara ya kwanza hudhani mtu amekosea kuandika. Hajakosea. Humo ndani ya hesabu hiyo ndimo ulimo ufundi ninaotaka kuusifu: ufundi wa kukitenga kidole kimoja na mwili wote uliobaki, kikafanya kazi nzito wakati wenzake wametulia tuli.

Najua kwamba kusifu jambo la bastola mbele ya msomaji wa Kiswahili ni kujitafutia ugomvi. Kwetu chombo hiki huonekana kiunoni kwa askari, au husikika kwenye habari za ujambazi, na raia anayetaka kukimiliki kwa halali hana budi kupitia serikalini kuomba kibali. Sina nia ya kukiosha. Rivolva fupi ilitengenezwa ili mtu ampige mwenzake risasi akiwa karibu naye, na hakuna maneno matamu yatakayolibadilisha hilo. Lakini hata upinde ulitengenezwa kuua, na leo wapo watu wanaoamka alfajiri kuuvuta kwa ajili ya duara la karatasi. Kuna ufundi unaokua hadi ukaanza kujitosheleza, mtu akaufanya kwa sababu ni mgumu na yeye anataka kuuweza. Huo ndio ninaouzungumzia.

Asili ya ugumu wenyewe ni ya zamani. Samuel Colt alipopata hataza yake Marekani mwaka 1836, rivolva yake ilimtaka mtumiaji avute nyundo kwa dole gumba kila alipotaka kupiga. Kifyatulio kilikuwa na kazi moja tu, kuiachilia nyundo iliyokwisha kutegwa, na kazi hiyo ni nyepesi. Mwaka 1851, kwenye Maonyesho Makuu ya London, Colt alikuta kuna Mwingereza, Robert Adams, ambaye bastola yake haikuwa hata na mahali pa kuishika nyundo. Ulivuta kifyatulio, basi. Mvuto huohuo ukaizungusha silinda, ukainua nyundo, ukaiangusha. Ubishi ulioanza zama zile haujaisha hadi leo. Wapo wanaosema mvuto mrefu namna ile unaharibu shabaha, na wapo wanaosema adui anayekukimbilia na upanga hatakusubiri utege nyundo kwa kila risasi. Miaka michache baadaye ofisa wa jeshi la Uingereza, Frederick Beaumont, akaziunganisha njia zote mbili katika bastola moja, na rivolva nyingi zilizofuata zikampa mtumiaji uhuru wa kuchagua.

Uhuru huo ulikuja kupungua bastola zilipofupishwa. Mwaka 1927 kampuni ya Colt ilitoa Detective Special, mtutu wa inchi 2, risasi 6, chombo cha askari kanzu asiyetaka kivimbe chini ya koti. Mwaka 1950 Smith & Wesson wakaja na ndogo zaidi yenye risasi 5, wakaipeleka kwenye mkutano wa wakuu wa polisi huko Colorado Springs, na wakuu hao ndio walioipigia kura jina lake, Chiefs Special. Miaka miwili baadaye, kampuni ikisherehekea kutimiza miaka 100, ikatoa ndugu yake ambaye nyundo imefichwa kabisa ndani ya fremu isije ikanasa kwenye kitambaa cha mfuko. Kwa huyo hakuna tena habari ya dole gumba. Kila risasi ni mvuto mrefu kutoka mwanzo hadi mwisho. Adams alikuwa kaburini zaidi ya miaka 80 aliposhinda kesi.

Bastola hizi zimepakwa matope sana. Utasikia kwamba hazipigi sawasawa, kwamba ni za kumgusisha mtu tumboni tu, kwamba ukizidi hatua tano bora uirushe yenyewe. Aliyewahi kuifunga kwenye jiliwa na kuipiga bila mkono wa mtu anajua kuwa huo ni uzushi, kwani matundu hukaa pamoja vizuri tu. Mtutu mfupi huipunguzia risasi kasi, maana baruti haipati nafasi ya kuisukuma hadi mwisho wa nguvu zake, lakini hauipotezei njia. Kinachoipa risasi mwelekeo ni ile mifuo ya ndani inayoizungusha, nayo ikiwa mizuri inatosha hata ikiwa mifupi.

Kinachopungua kweli ni kitu kingine. Juu ya fremu kuna mfuo wa kulengea uliochimbwa, na mwishoni mwa mtutu imesimama ncha. Mlengaji huiweka ncha katikati ya mfuo. Kwenye rivolva ya michezo yenye mtutu wa inchi 6, viwili hivyo vimeachana karibu sentimita 19. Kwenye hii fupi havizidi sentimita 10 hivi. Piga hesabu. Ncha ikienda pembeni milimita moja, risasi itakayofika mita 10 kutoka hapo itakuwa imekosa katikati kwa sentimita 10. Kwa ile ndefu kosa hilohilo lingezaa sentimita 5 na kidogo. Mkono ni uleule na kosa ni lilelile, adhabu imekaribia kuwa maradufu. Ongeza kwamba chombo chepesi hakina uzito wa kujitetea kidole kinapokisukuma kando, na utaelewa kwa nini mtu anayejiona hodari akiwa na bastola kubwa hurudi nyumbani kimya siku anayoazima hii ndogo.

Ili kuelewa kidole kinapambana na nini, inafaa kujua kinachotokea ndani. Kifyatulio kikianza kurudi, kufuli ndogo iliyo chini ya silinda huzama na kuiachia. Chuma chembamba kilichoungana na kifyatulio hupanda, kikasukuma meno yaliyo nyuma ya silinda, nayo ikaanza kuzunguka. Nyundo nayo inarudi nyuma ikiikandamiza springi yake. Kabla safari haijaisha, kufuli inaruka juu na kuingia kwenye kijishimo cha silinda, na mwenye kidole kilichozoea huisikia ikiingia. Wakati huo chumba chenye risasi kimesimama sawa nyuma ya mtutu. Imebaki hatua ndogo, ambayo mara nyingi ndiyo nzito, kisha nyundo inaachiliwa. Mambo yote hayo, kuzungusha, kufunga, kutega na kuachilia, yanalipiwa na kidole kimoja ndani ya safari iliyozidi sentimita moja kidogo tu.

Kuna wanaokimbilia kwa fundi kabla ya kujifunza. Wanataka springi zilegezwe na vyuma visuguliwe. Fundi mzuri kweli anaweza kuufanya mvuto uteleze, na kazi hiyo ina heshima yake. Nimewahi kushika bastola ya namna hiyo na nikaelewa kwa nini watu huwalipa mafundi hao bila kunung'unika. Ila springi ya nyundo ikilegezwa kupita kiasi, nyundo inakosa nguvu ya kuwasha fataki iliyo kitakoni mwa risasi, na mwenye bastola anabaki na mvuto mtamu usiotoa kitu. Kwa chombo ambacho kazi yake ni kuokoa roho siku ya hatari, huo ni uchumi mbaya.

Turudi kwenye mkono. Vidole vyetu vimezoea kushika pamoja, tunaposhika jembe, kamba au mkono wa mtoto. Kunja kidole cha shahada kwa nguvu nyingi na utaona vile vitatu vya chini vinataka kukifuata. Hapo ndipo shabaha nyingi zinapokufia. Mtu anavuta kifyatulio, na bila kujua anaukamua mpini mzima, mtutu unainama. Kwa anayetumia mkono wa kulia, matundu hukusanyika chini upande wa kushoto, kwa uaminifu ambao ungependa kuuona kwenye mambo mengine. Dawa yake inashangaza wanaoanza, kwa kuwa wao hudhani ulaini ndio utulivu. Mpini unakazwa tangu mwanzo, juu kabisa karibu na mgongo wa fremu, kwa nguvu ambayo haina tena pa kuongezeka; vidole vya chini vikishakaza hivyo, havina kipya cha kufanya kidole cha shahada kinapoanza safari. Mkono wa pili hufunika wa kwanza na kubeba sehemu kubwa ya nguvu hiyo, ili ule wa kwanza ubaki na kazi ya kuvuta. Tatizo ni kwamba mpini wa bastola hizi umefupishwa kama mtutu, na kidole cha mwisho mara nyingi hakina pa kukaa. Wengine huubadilisha wakaweka wa mpira ulio mrefu zaidi. Unashikika vizuri, na unaonekana vizuri pia chini ya shati, jambo ambalo silo lililowafanya waununue.

Kidole chenyewe kiwekwe wapi? Mabingwa wa bastola za Olimpiki, ambazo vifyatulio vyake ni vyepesi, hutumia nyama ya ncha ya kidole. Ukileta nyama hiyo kwenye mvuto wa kilo 5 itachoka, au itakisukuma kifyatulio upande. Wapigaji wengi wa rivolva hukiingiza kidole ndani zaidi, hadi kwenye mkunjo wa kiungo cha kwanza, wapate nguvu. Lakini mikono haikukatwa kwa kipimo kimoja, na mwalimu anayemlazimisha kila mwanafunzi aweke kidole mahali pamoja anafundisha mkono wake mwenyewe. Kipimo ni kimoja tu: kifyatulio kirudi nyuma kwa mstari ulionyooka, mtutu usijue.

Sasa nifikie kiini. Anayeanza huambiwa atulie, naye huamini kwamba kuna siku mkono wake utasimama. Hautasimama. Moyo unadunda, kifua kinapanda na kushuka, misuli iliyonyooshwa mbele inatetema, na ncha iliyo mwisho wa mtutu inacheza juu ya karatasi bila kukoma. Wachezaji wa shabaha wamehangaika na mtetemo huo hata kufikia kwenye madawa. Kwenye Olimpiki ya Beijing mwaka 2008 Kim Jong-su wa Korea Kaskazini alinyang'anywa medali mbili, ya fedha na ya shaba, alipokutwa na propranololi, dawa inayotuliza mapigo ya moyo na kupunguza kutetemeka. Basi mtetemo si hadithi. Lakini si huo unaoharibu risasi za mtu wa kawaida. Ncha inayocheza humkosesha sentimita chache. Kinachomkosesha karatasi nzima ni anachokifanya kwa sababu ya ncha inayocheza: anaivizia. Anaisubiri ipite katikati, ikipita anajiambia "sasa!" na kukivuta kifyatulio kwa mshtuko, na mshtuko ule unaupeleka mtutu mbali kuliko ambavyo mtetemo ungeweza kuufikisha.

Uzuri wa mvuto mrefu ni kwamba haukubali kuviziwa. Kwa kifyatulio chepesi unaweza kujidanganya kwamba umeikamata ile nukta ya katikati. Kwa huu, tangu kidole kianze hadi nyundo ianguke, ncha imekwisha kwenda na kurudi mara kadhaa. Huna la kufanya ila kuukubali mchezo wake, ukaendelea kuvuta kwa mwendo mmoja, macho yakiwa kwenye ncha, karatasi ya mbele ikiwa na ukungu kidogo. Mtazame fundi cherehani mzee anayetumia pedeli ya mguu. Kitambaa kikienda upande kidogo, hasimamishi mguu wala haukanyagi kwa ghafla. Mguu unabaki na mwendo wake, mikono ndiyo inayokirudisha kitambaa kwenye mstari polepole wakati sindano inaendelea kushona. Kulenga na kuvuta ni kazi mbili zinazokwenda pamoja, na hakuna inayoisubiri mwenzake. Mtu akilishika hilo, amepata karibu kila kitu ambacho bastola hii inaweza kumfundisha.

Nikisema hivyo, nimekwisha chagua upande katika ubishi wa pili, ambao nao ni wa miaka mingi. Kuna shule inayosema: vuta hadi uisikie ile kufuli ya silinda ikiingia, simama hapo, rekebisha ncha, kisha malizia kile kipande kidogo kilichobaki. Kwa karatasi iliyo mbali na muda wa kutosha, njia hii hutoa matundu mazuri, na sina haja ya kubishana na matundu. Ila inamrudisha mtu kwenye kusubiri, na kusubiri ndiko kulikomwingiza kwenye kuvizia. Halafu siku anayoharakishwa, kidole kinatafuta kituo ambacho hakipo. Mimi niko na wa mvuto mmoja.

Mvuto huo haufundishwi na risasi. Huo ndio upande wa ufundi huu ninaoupenda zaidi, na ndio usiojulikana sana kwa watu wa nje, ambao hudhani wapiga shabaha wanaishi ndani ya mshindo. Sehemu kubwa ya kazi hufanyika chumbani, bastola ikiwa tupu, mtu akivuta kifyatulio mbele ya ukuta. Kabla ya hapo risasi zote hutolewa na kupelekwa chumba kingine. Silinda hufunguliwa, matundu yakatazamwa kwa jicho na kupapaswa kwa kidole, moja hadi la tano, kisha yakapapaswa tena. Ukuta unaochaguliwa ni ule ambao nyuma yake hakuna mtu, hata kama mlengaji ana hakika kabisa kwamba bastola ni tupu. Jeff Cooper, aliyeanzisha shule ya Gunsite huko Arizona mwaka 1976, alisambaza kanuni nne ambazo leo hurudiwa karibu kila uwanja wa shabaha: ichukulie kila silaha kuwa ina risasi, usiuelekeze mtutu kwa kitu usichotaka kukiharibu, kidole kisiguse kifyatulio mpaka uwe umelenga, ijue shabaha yako na kilichoko nyuma yake. Wanaofanya mazoezi ya chumbani huongeza ya tano, isiyoandikwa sana. Ukimaliza, umemaliza. Ajali za namna hii hupenda kutokea baada ya mwisho, pale mtu alipokwisha rudisha risasi ndani kisha akatamani mvuto mmoja zaidi.

Ile mivuto yenyewe haina cha kumburudisha mtazamaji. Mtu amesimama, ananyoosha mikono, anavuta, nyundo inalia tak, anaiachia, anavuta tena. Wengine hulaza sarafu juu ya mtutu na kujaribu kuvuta bila kuiangusha. Jaribio hili ni zuri kwa sababu sarafu haina huruma na haipokei maelezo. Wenye hekima hutumia risasi bubu, zile za kuigiza ambazo hazina baruti wala fataki, ili nyundo ipate kitu laini cha kugonga. Kwa bastola za .22 hilo ni la lazima zaidi, maana pini ya nyingi kati ya hizo ikikosa risasi huweza kugonga ukingo wa chumba na kuuharibu. Dakika chache kwa siku zinatosha. Umakini ukiisha, mkono unaanza kujifunza uvivu, na uvivu nao hujifunzwa kwa kurudiarudia.

Kisha huja siku ya uwanjani, na mwili unatoa siri. Mtu aliyevuta vizuri mwezi mzima mbele ya ukuta anaweka risasi tano za kweli, anapiga, na matundu yanatapakaa. Mvuto ni uleule, kilichoongezeka ni mshindo na teke, na bastola nyepesi hupiga teke kweli. Mwili una akili yake. Ukishapigwa mara mbili, mara ya tatu hujikinga kabla: macho yanafumba, mabega yanajikunja, mikono inausukuma mtutu chini ili kulipinga teke ambalo bado halijaja. Mwenyewe hajui. Ukimwambia atakana, na atakana kwa nia njema kabisa.

Kuna njia ya kumwonyesha, na sijui mtihani wa haki kuliko huu katika mchezo wowote. Rafiki huichukua bastola na kuipakia kwa siri, risasi za kweli mbili au tatu, nafasi zilizobaki maganda matupu au risasi bubu, akaizungusha silinda na kuifunga. Mpigaji hajui kinachofuata. Analenga, anavuta, pa! Tena, pa! Mara ya tatu nyundo inaangukia ganda tupu, hakuna mshindo wa kuficha kitu, na wote wawili wanauona mtutu ukichota hewa kwenda chini. Hakuna cha kujadili. Wapo wanaocheka, wapo wanaokasirika na kudai chombo kina kasoro. Wanaoendelea hurudia mchezo huo hadi nyundo iangukie ganda tupu na ncha ibaki mahali pake, na siku hiyo huonekana usoni.

Ed McGivern, mtu wa Lewistown, Montana, angelifurahia jaribio lolote linalokamata mwili ukidanganya. Alikuwa na mapenzi ya kupima. Alitumia mashine za umeme kuhesabu sehemu za sekunde, akaandika kwa kirefu alichokigundua katika kitabu alichokitoa mwaka 1938, na dai lake kuu lilikuwa kwamba mvuto mrefu wa rivolva si adui wa shabaha. Tarehe 20 Agosti 1932, huko South Dakota, alipiga risasi 5 kwa sekunde 0.45 kutoka futi 15, na matundu yote matano yakafunikika kwa sarafu ya nusu dola, ambayo upana wake ni sentimita 3 hivi. Alikuwa amepita miaka 50. Mwaka 1999 Jerry Miculek wa Louisiana alipiga risasi 6, akapakia upya, akapiga 6 nyingine, yote kwa sekunde 2.99. Bastola zao zilikuwa kubwa kuliko hizi za mfukoni, lakini mvuto ni wa ukoo mmoja, na ukitazama picha za Miculek zikiwa zimepunguzwa kasi utaona jambo la ajabu: mikono yake inaonekana haifanyi chochote. Kidole tu kinakwenda na kurudi.

Huko kurudi nako kuna watu hukusahau. Mafundisho mengi yanaishia nyundo inapoanguka, wakati rivolva inadai kifyatulio kiachiwe hadi mwisho wa njia yake kabla ya mvuto mwingine. Ukikirudisha nusu na kuvuta tena, silinda inaweza kuzunguka bila nyundo kufanya kazi, au mtambo mzima ukagoma. Na ukikiachia ghafla, kidole kikaruka mbele na kupoteza kifyatulio, mvuto unaofuata utaanza kwa kukigonga, na mkono uliokuwa umetulia umetikisika bure. Walio hodari husukumwa mbele na kifyatulio chenyewe, kidole kikiwa bado kimekigusa, kwa mwendo uleule kilichokuja nao. Wa pembeni haoni tofauti ya kwenda na kurudi. Sijaona sehemu ya ufundi huu iliyo nzuri kuliko hiyo, na hakuna anayeipigia makofi.

Anayefika hapo huanza kuyasoma matundu yake bila kujionea huruma. Yakitapakaa, kosa ni la mkono, na hakuna cha kununua. Yakikusanyika pamoja lakini juu au chini ya alipolenga, hapo ndipo pa kukifikiria chombo. Ule mfuo wa juu ya fremu haurekebishiki. Umechimbwa kiwandani, na kwa kawaida hizi za .38 Special hupangwa kwa risasi ya greni 158, yaani gramu 10 na kidogo. Risasi nyepesi ya greni 110 hutoka mapema zaidi, kabla teke halijainua mtutu sana, kwa hiyo hupiga chini. Nzito huchelewa kidogo ndani, mtutu ukapanda nayo, ikapiga juu. Wauzaji wa risasi hawatakwambia ungoje. Lakini mtu ambaye matundu yake bado yamesambaa karatasi nzima akinunua sanduku la aina nyingine, atakuwa amesambaza matundu ya bei tofauti. Akingoja hadi yaenee ndani ya upana wa kiganja, sanduku moja la greni 158 litamaliza ubishi jioni hiyohiyo.